VETA AU KWA FUNDI? Neno kwa vijana wa Mtwara mnaotaka kujifunza mashine

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kazi ya mikono. Kila nikikaa na madogo wa Magomeni au Chuno swali linakuja lile lile: "Bro, niende VETA, au nikajishikize kwa fundi karakana?" Wapo wanaouliza kwa sababu hela ya chuo haipo, na wapo walioona mtu ana cheti cha chuo halafu yuko kijiweni. Wengine wana mjomba mwenye mashine ambaye kasema njoo.

Jibu langu fupi ni kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Mashine ya chuma haifundishwi na kitabu peke yake, na fundi peke yake hatoshi. Anayetoka kimaisha kwenye kazi hii ni yule aliyepata vyote viwili: mwalimu wa kumpa hesabu na michoro, na mzee mzoefu wa kusimama pembeni yake wakati chuma kinazunguka. Nimesimama pande zote mbili, ya anayefundishwa na ya anayefundisha, kwa hiyo naomba nieleze kwa nini nasema hivyo. Ukiwa umelipia nusu saa tu hapo kafe, ruka uende kwenye orodha ya maswali kule chini. Ila ukipata muda rudi usome yote.

TUNAONGELEA MASHINE GANI?

Mashine mama ya karakana ni mashine ya kukereza, wengi tunaiita lethi. Unabana kipande cha chuma kwenye taya, mota inakizungusha, halafu kisu kigumu kinasogezwa taratibu na kukila hadi kifike kipimo unachotaka. Kwenye drili ni kinyume: chuma kimetulia, kinachozunguka ni kisu. Kuna mashine nyingine ya kuchonga sehemu bapa na ile mifereji midogo inayoshika puli isiteleze kwenye shafti. Pembeni yake kuna grenda, msumeno wa chuma, tupa, na jiliwa la kubania, ambalo mafundi wengi wanaliita vaisi.

Neno kukereza si geni kwetu watu wa pwani. Wazee walikuwa wanakereza miguu ya vitanda na viti kwa keezo la mkono kabla umeme haujafika. Kilichobadilika ni mti kuwa chuma, na mkono kuwa mota.

Sasa kazi hiyo inamhusu nani hapa Mtwara? Inamhusu kila mtu, hata kama hajui. Viwanda vya kubangua korosho vina shafti, gia na beringi. Kinu cha kusaga mahindi na muhogo kina shafti. Pampu zinazosukuma maji ya mradi wa Makonde kutoka Mitema kwenda juu Newala na Tandahimba zina shafti. Boti za Msimbati na Msangamkuu zina shafti ya propela. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichoanza uzalishaji mwaka 2015 ni mitambo mitupu. Na vitu hivi vyote vinalika na kukatika.

Shafti ikikatika, mwenye kinu ana njia mbili. Ama ampate mtu hapa hapa wa kumkerezea nyingine, ama aagize Dar, kilometa zaidi ya 550, asubiri. Kila siku anayosubiri kinu kimesimama, na akina mama wanabeba mahindi kwenda kinu cha mbali. Kwa hiyo ninaposema fundi mkerezaji, namaanisha mtu anayeamua kama kijiji kitasaga wiki hii au hakitasaga.

KWA NINI KITABU HAKITOSHI

Tuanze na kitu ambacho kitabu kinakifundisha vizuri kabisa: mashine izunguke kasi gani? Hesabu yake ni rahisi. Chukua kasi ya kukata inayofaa kwa chuma chako, kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000. Jibu ligawanye kwa kipenyo cha chuma kwa milimita mara 3.14. Chuma laini cha kawaida kikikatwa kwa kisu cha kawaida cha karakana, kasi inayofaa ni kama mita 25 kwa dakika. Shafti ya milimita 40 inakupa kama mizunguko 200 kwa dakika. Ya milimita 80 inakupa 100 tu. Ya milimita 20 inakupa 400. Yaani chuma kikinenepa, mashine inapunguzwa mwendo. Hapo umeshapita mtihani wa darasani.

Haya, sasa umesimama mbele ya mashine yenyewe. Ina miaka mingi, imelegea sehemu fulani, na kile chuma umekitoa kwenye ekseli ya lori bovu, hujui ni laini au kigumu. Hesabu inasema 200. Mzee anasogea, anasikiliza sekunde mbili, anasema "punguza." Kwa nini? Kasikia mlio wa kutetemeka ambao wewe umeuchukulia kama kelele za kawaida. Anaangalia maganda ya chuma yanayotoka, yanavyojiviringa na yalivyo na rangi, na anajua kisu kimeanza kuchoka. Mambo hayo yameandikwa vitabuni, tena vizuri, ila sikio halisomi kitabu. Linazoeshwa na mtu anayekwambia "umesikia hiyo? Ndiyo hiyo," pale pale, sauti ikiwa bado ipo.

Nitoe mifano mitatu ambayo kijana wa chuo huwa anaijua kwa maneno tu.

Wa kwanza ni joto. Chuma kikikatwa kinapata moto, na kikipata moto kinatanuka. Shafti ya milimita 40 ikipanda nyuzi 50 inanenepa kama mia mbili na nusu za milimita, yaani 0.024. Utasema hiyo ni nini bwana? Ngoja. Beringi ya shimo la milimita 40 inataka shafti yenye kipimo cha ndani ya mia moja au mbili za milimita. Unywele wa mtu una kama mia saba. Ukipima shafti ikiwa ya moto ukaona imefika sawasawa, ikipoa itakuwa imepungua, beringi itacheza, na baada ya wiki mbili mwenye kinu atarudi na maneno yake. Mzee mzoefu hakuambii sheria ya kutanuka. Anakuambia "iache, nenda kanywe maji, ukirudi upime."

Wa pili ni shafti ndefu, kwa mfano ya boti. Ukiibana upande mmoja na kuishikilia upande wa pili, katikati inabaki haina wa kuishika. Kisu kikifika pale chuma kinapinda kidogo kukikimbia, halafu kinarudi. Matokeo yake shafti inakuwa nene katikati, nyembamba mwisho na mwanzo. Kwa macho huioni. Fundi anaijua kabla hujaanza, anaweka kishikizo cha katikati, anapunguza kina cha kukata.

Wa tatu ni chuma kisichoshika kutu, ambacho kinatumika sana kwenye boti kwa sababu ya chumvi ya bahari. Aina nyingi za chuma hiki zina tabia moja ya ajabu: kisu kikisugua bila kukata, ile ngozi ya juu inakuwa ngumu zaidi. Kijana anaogopa kuharibu, anakata kidogo kidogo kwa kubembeleza, na kadiri anavyobembeleza ndivyo chuma kinavyokuwa kigumu hadi kisu kinakufa. Hapo mzee anakuja: "usiibembeleze, ingia." Neno moja, na umeokoa kisu.

MZEE MZURI ANAFUNDISHAJE?

Hapa watu wengi wanachanganya. Kuwa fundi mzuri na kuwa mwalimu mzuri ni vitu viwili. Wapo mafundi hatari kabisa ambao wakifundisha wanasema tu "angalia," na mikono yao inakwenda haraka hadi huoni kitu. Wale wanaofundisha vizuri nimeona wanafuata hatua, hata kama hawajaziandika popote.

Hatua ya kwanza ni usalama, na hapo hakuna mzaha. Glavu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka, maana zikinaswa zinavuta mkono wote. Mikono mirefu inakunjwa au inavuliwa, mkufu unatolewa, nywele ndefu zinafungwa na kufunikwa, khanga haiingii karakana. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Ule ufunguo wa kukazia taya hauachwi pale hata sekunde moja, maana mashine ikiwashwa ufunguo unaruka kama risasi. Maganda ya chuma hayashikwi kwa mkono, yanavutwa kwa ndoano au brashi, na mashine ikiwa imezimwa. Mzee mzuri anakuonyesha swichi ya kuzimia kabla hajakuonyesha ya kuwashia, na anakufanya uizime mara kumi ukiwa umefumba macho.

Hatua ya pili inawakera vijana wote: jiliwa na tupa. Unapewa kipande cha chuma, unaambiwa ukifanye kiwe bapa na pembe zake ziwe mraba, kwa mkono. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Utasema mzee ananitesa. Hapana. Mkono unajifunza chuma kinavyohisi, na jicho linajifunza unyoofu. Wachongaji wa Kimakonde hapa kwetu wanalijua hili siku zote, ndiyo maana kijana anaanza kwa kukaa karibu na mkubwa wake na kusugua na kung'arisha mpingo kabla hajakabidhiwa sura ya kuchonga.

Hatua ya tatu ni kupima. Venia kwanza, halafu maikromita, inayosoma mia moja ya milimita. Mzee anakupa vipande vitano alivyovipima mwenyewe, unaandika vipimo vyako, anavilinganisha na vyake. Hadi mkubaliane, huigusi mashine.

Hatua ya nne ni kukata ukiwa na mzee pembeni. Chuma cha majaribio, siyo cha mteja. Kusawazisha uso, kukereza nje, kutoboa ndani, na mwisho kukata thredi, ambayo inataka utulivu mkubwa. Mzee anaweka mkono wake karibu na swichi na mdomo wake kimya. Hili la kimya ni gumu kwa wazee wengi, si unajua tena.

Hatua ya tano ni kazi ya mteja, mzee akikagua kabla haijatoka. Na ya mwisho ni ile inayosahaulika: wewe mwenyewe kumfundisha aliyekuja nyuma yako. Ukishindwa kueleza, ujue bado hujaelewa.

Kwa njia hii mzee mmoja hawezi kuwaangalia watu 20. Watatu, wanne kwa mashine, basi. Ukiona darasa la watu 30 na lethi moja, wengi wao watamaliza wakiwa watazamaji.

NA KWA NINI FUNDI PEKE YAKE HATOSHI

Sasa nisieleweke vibaya, maana wapo watakaosema "si umeona, chuo cha nini?" Kujifunza kwa fundi wa mtaani kuna matatizo yake, na mengine ni makubwa.

La kwanza, hakuna mwanzo wala mwisho. Namjua kijana aliyekaa kwenye karakana moja ya mkoa huu (siitaji) miezi minane akifagia, akichota maji na kutumwa chai, na lethi aliiwasha mara mbili. Alipouliza lini anaanza akaambiwa "wewe una haraka gani?" Huko siyo kufundishwa, ni kufanyishwa kazi bure.

La pili, fundi anaficha. Na tusimlaumu haraka. Mji una kazi chache, akikufundisha kila kitu mwaka huu, mwakani umefungua yako mtaa wa pili na wateja wake umewachukua. Tena kila saa anayosimama na wewe ni saa ambayo hakerezi chake. Ukitaka mzee atoe ujuzi wake wote, lazima awepo mtu wa kumlipa hiyo saa. Hili ndilo jambo ambalo miradi mingi inalisahau: inanunua mashine mpya, inapaka karakana rangi, halafu kwa yule mwenye ujuzi inaweka sifuri.

La tatu ni michoro na hesabu. Fundi wa mtaani anafanya kazi kwa kunakili: lete ya zamani nitengeneze kama hiyo. Ni ujuzi mkubwa, ila kampuni kubwa hailetewi ya zamani, inaleta mchoro. Kama huwezi kuusoma umekwama getini. La nne ni cheti. Utasema cheti ni karatasi, sawa, lakini ni karatasi inayoulizwa kwanza.

TULISHAWAHI KUWA NAYO

Jambo hili la chuo na mzee kukaa pamoja siyo ndoto ya kizungu, lina historia hapa hapa kusini. Wabenediktini walianza misheni ya Ndanda mwaka 1906, wakati wa vita ya Maji Maji. Kati yao walikuwemo mabruda ambao walikuwa mafundi wa kazi, wa chuma, useremala na uchapaji, na vijana wa eneo lile walijifunza kwa kufanya nao kazi kwenye karakana zilizokuwa zinahudumia misheni yenyewe. Uwe dini gani haijalishi, angalia mfumo: karakana ilikuwa na kazi za kweli, na mwalimu alikuwa ni mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Mtwara Ufundi pia mnaijua, imo kwenye kundi la shule za sekondari za ufundi za zamani pamoja na Ifunda, Tanga, Moshi, Iyunga, Bwiru na Musoma. Kwenye ujenzi wa Tazara, kati ya 1970 na 1975, Watanzania wengi walijifunza ufundi bega kwa bega na mafundi wa Kichina, na wengi hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya chuma chenyewe. SIDO ilianzishwa 1973 kusaidia viwanda vidogo. Baadaye tukajenga hata kiwanda cha kutengeneza zana za mashine kule Kilimanjaro kwa msaada wa Wabulgaria. VETA yenyewe ilizaliwa na sheria ya mwaka 1994.

Halafu ikaja gesi. Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, lakini kelele zilianza pale gesi ya bahari kuu ilipopatikana na serikali ikaamua kujenga bomba hadi Dar. Yaliyotokea Mtwara Januari na Mei 2013 tunayakumbuka, sitayarudia hapa, watu walipoteza maisha. Bomba likakamilika 2015, na mtambo wa Madimba ukaanza kazi. Wenyeji waliuliza ajira zetu ziko wapi, na jibu likawa "hamna ujuzi." Jibu lile liliuma kwa sababu lilikuwa na ukweli nusu. Vijana wenye akili na mikono walikuwepo. Waliokosekana ni waliofundishwa kwa viwango ambavyo kampuni hizo zinavitambua. Na mtu hapati ujuzi wa namna hiyo kwa miezi mitatu baada ya bomba kuanza kuchimbiwa.

Hapo kuna jaribio moja la kukumbuka. Kuanzia 2012 shirika la VSO, kwa fedha za kampuni za gesi ikiwemo BG, lilifanya kazi na VETA Mtwara na Lindi. Waliletwa wataalamu wa kujitolea wenye uzoefu wa kazi, wakae na walimu wa chuo na kuinua mafunzo yafikie viwango vya City & Guilds vya Uingereza. Wazo lilikuwa sahihi: mwalimu naye anahitaji mzee pembeni. Lakini mtu wa kujitolea ana tarehe ya kurudi kwao. Mzee wa Mtwara hana tarehe hiyo, anazeekea hapa hapa.

WENZETU WANAFANYAJE?

Ujerumani wana sheria ya mafunzo ya kazi tangu 1969. Kijana anayesomea ukerezaji anakuwa kiwandani kama siku tatu au nne kwa wiki, siku moja au mbili anakwenda shule. Inachukua miaka mitatu na nusu. Ana mkataba, na anapewa posho kila mwezi. Na kitu ninachokipenda zaidi: fundi anayemfundisha lazima naye apimwe kama anajua kufundisha, siyo kama anajua kukereza tu. VETA imewahi kushirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg kujaribu mfumo wa namna hii kwenye baadhi ya vyuo vyake.

Sisi wenyewe tuna Mwongozo wa Taifa wa Uanagenzi tangu 2017. Kwa maneno ya kijiweni, mwanagenzi ni mtu anayesoma kazi chuoni na kazini kwa pamoja, kwa mkataba, na mwisho anapata cheti kinachotambulika. Huyo siyo kibarua, na siyo mtu wa fildi ya wiki chache. Watu wengi wanachanganya hayo matatu, na wajanja wanatumia mchanganyo huo kupata vibarua wa bure.

ULIZA HAYA KABLA HUJAINGIA

Iwe ni chuo, kiwanda au karakana ya mjomba, uliza bila aibu:

1. Mashine ziko ngapi zinazofanya kazi, na sisi wanafunzi tuko wangapi?
2. Nani atasimama na mimi kwenye mashine? Amefanya kazi hiyo wapi, miaka mingapi?
3. Baada ya miezi mitatu nitakuwa naweza kufanya nini? Baada ya mwaka je? (Asipoweza kujibu, jua huna mpango, una ufagio.)
4. Kuna kazi za wateja, au ni vipande vya mazoezi tu hadi mwisho?
5. Miwani na ovaroli nani anatoa? Nikiumia nani anagharamia?
6. Tumeandikiana? Hata ukurasa mmoja wenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza na posho kama ipo.
7. Mwisho wake kuna mtihani na cheti cha nani?

Na kama hujafika miaka 18, ujue sheria ya ajira ya 2004 inakataza kukuweka kwenye kazi hatarishi. Kufundishwa chuoni chini ya uangalizi ni sawa, kuachiwa grenda peke yako usiku siyo sawa.

Dada zangu, orodha hii ni yenu pia. Maikromita haina nguvu za misuli, ina utulivu. Yule anayekuambia kazi hii ni ya wanaume muulize sehemu gani ya mashine inataka ndevu.

NENO KWA WAZEE

Shikamooni. Najua baadhi yenu mmeshika lethi miaka 30 bila karatasi hata moja. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa kwa kazi unayoijua, ukifaulu unapata cheti bila kurudi kukaa dawati na wajukuu. Chukueni hicho cheti, siyo kwa sababu mnakihitaji kujua kazi, bali kwa sababu kinawapa nguvu ya kuitwa chuoni kama wakufunzi na kulipwa kama wakufunzi.

Na nyie wakuu wa vyuo na wenye viwanda, nina ombi dogo. Kila karakana ya mafunzo iajiri angalau mzee mmoja, siku mbili kwa wiki, kazi yake iwe moja tu: kusimama pembeni. Asipewe mitihani ya kusahihisha wala vikao. Gharama yake ni ndogo kuliko mashine moja ambayo imekaa inaliwa na chumvi kwa sababu hakuna anayejua kuitunza. Hewa yetu ya bahari mnaijua, lethi isipofutwa na kupakwa oili kila jioni, miezi michache tu njia zake zimeota kutu. Nani atamzoesha kijana kuipaka oili kila jioni kama siyo yule aliyeifanya hivyo miaka 30?

Mashine unaweza kuagiza hata kesho, ikashushwa bandarini hapa Mtwara. Sikio la mzee huliagizi popote. Wale waliofundishwa zamani kwenye viwanda vya umma na karakana za misheni wanastaafu, wanarudi Masasi, Newala na Tandahimba kulima korosho zao, na kila mmoja anaondoka na karakana nzima kichwani. Mradi mkubwa unaofuata ukija, iwe gesi au kitu kingine, "hamna ujuzi" itakuwa kweli nzima, siyo nusu tena.

Naomba niishie hapo, wadau. Kama uko VETA au kwa fundi sasa hivi, tuambie hapo chini: mashine ngapi, wanafunzi wangapi, na mzee yupo? Majina ya watu na ya karakana usiweke, tuwekee hali halisi tu. Na kama wewe ni fundi unadhani nimekosea kuhusu kile chuma cha boti, karibu sana unirekebishe. Nawasilisha.